LUKU moja, vyumba vinne: kuchanga, mita ndogo au LUKU yako mwenyewe?

Saa tatu usiku, taarifa ya habari haijafika kwenye michezo, giza. Watu wanatoka koridoni na tochi za simu, wanachungulia nyumba ya jirani. Kwa jirani taa zinawaka. Basi si TANESCO, shirika la umeme, ni sisi: uniti za LUKU, mita yetu ya kulipia kabla, zimeisha. Kijana wa chumba cha mbele anasema yeye alinunua Jumatatu. Mama anayeuza barafu anasema amenunua mara mbili mfululizo. Mwenye zamu yuko kazini, simu inaita tu. Nusu saa baadaye mama wa barafu ananunua mara ya tatu, kwa sababu friza lake halisubiri kikao, kisha anaingia ndani na kubamiza mlango. Kesho yake hakuna anayemwamkia kwa moyo.

Aliyepanga Dar es Salaam, iwe Tandika, Manzese, Mbagala au Tabata, hahitaji kusimuliwa zaidi. Nimekaa katika nyumba za namna hiyo kwa miaka, kila moja na utaratibu wake, na nimeona watu waungwana kabisa wakinuniana wiki nzima kwa ajili ya elfu mbili. Kila nilipochunguza nilikuta chanzo ni kimoja: hakuna aliyekuwa anapima chochote. Kwa hiyo nilikaa na kikokotoo nikalinganisha njia ambazo wapangaji hutumia kugawana umeme. Matokeo mengine nilishayategemea. Moja sikulitegemea kabisa.

Kwanza, bei yenyewe

Wengi wanajua kwamba ukinunua umeme wa elfu moja unapata uniti 2.8. Hiyo ni bei ya matumizi ya kawaida, T1: shilingi 292 kwa uniti, ukiongeza VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 inafika kama 356. Ipo bei nyingine, D1, ya mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 100 kwa uniti, na makato inakuwa 122. Kwa elfu moja ileile mwenye D1 anapata uniti 8.2. Akivuka 75, zile za ziada anauziwa kwa 350 kabla ya makato, na akizoea kuvuka anahamishiwa T1.

Sasa fikiria nyumba ya vyumba vinne vyenye wapangaji, LUKU moja. Nimekisia matumizi kutokana na vifaa ninavyovijua. Kijana wa chumba cha mbele ana feni, taa na chaja, uniti 18 kwa mwezi. Mama wa barafu, friza usiku na mchana, 90. Familia yenye runinga, friji dogo na pasi ya wikiendi, 60. Wa nne wanapikia jiko la umeme, 80. Jumla uniti 248, na nyumba ikitumia kiasi hicho kwenye mita moja, D1 isahau. Mnalipa T1 wote: shilingi 88,288.

| Chumba | Uniti | Mchango sawa | Mita ndogo | LUKU yake |
|---|---|---|---|---|
| Kijana | 18 | 22,072 | 6,408 | 2,196 (D1) |
| Mama wa barafu | 90 | 22,072 | 32,040 | 32,040 (T1) |
| Familia | 60 | 22,072 | 21,360 | 7,320 (D1) |
| Wa jiko la umeme | 80 | 22,072 | 28,480 | 28,480 (T1) |
| Jumla | 248 | 88,288 | 88,288 | 70,036 |

Mstari wa mwisho ndio ulioniamsha. Kila siku tunagombana nani anamnyonya nani, kumbe kuna shilingi 18,252 kila mwezi ambazo hakuna mpangaji anayezila. Zinaondoka kwa sababu tu tumekusanyika kwenye mita moja na kuonekana kama mtumiaji mmoja mkubwa. Wale wa jiko la umeme nao watazame vizuri: wamevuka 75 kwa uniti tano. Wakiwa na mita yao kwenye D1, na wakaacha kupasha maji ya kuoga kwa umeme, mwezi wao unashuka hadi 9,150.

Mchango sawa

Faida yake ni moja: hauhitaji hesabu. Mnachanga, mmoja ananunua, tokeni inaingizwa, mnaendelea na maisha. Nyumba ambayo wote wana vifaa vinavyofanana, mathalani wanafunzi wanne wenye feni na laptopu, sioni haja ya kutafuta njia nyingine.

Shida inaanza siku mmoja anaponunua friji. Hakuna atakayesema siku hiyo. Watasema baada ya miezi miwili, na watasema kwa mafumbo. Kijana wetu hapo juu anatoa 22,072 kwa umeme wa 6,408; anamlipia mama wa barafu karibu elfu kumi na wale wa jiko elfu sita na ushee. Naye hajui. Anachojua ni kwamba mshahara wake unaishia kwenye LUKU na yeye anarudi nyumbani kulala tu.

Kulipia vifaa

Hii ndiyo njia ya nyumba nyingi za uani: taa na chaja kiasi fulani, runinga kiasi fulani, friji zaidi, jiko la umeme na hita marufuku au kwa makubaliano maalumu. Inakaribia haki kuliko mchango sawa, lakini inakaribia tu. Friji jipya na friji la mtumba lenye mpira wa mlango uliochoka havili umeme sawa, ingawa kwenye orodha vyote vimeandikwa "friji". Pasi huonewa sana. Kila mtu huigombeza pasi kwa sababu huiona ikiwaka, ilhali pasi ya wati 1,000 ikitumika dakika ishirini inakula theluthi moja ya uniti. Friza halionekani likila.

Halafu kuna upelelezi. Njia hii inamgeuza mtu mmoja kuwa askari wa nyumba: anasikiliza jagi la umeme likichemka kwa nani, ananusa nani anapika wali saa ngapi. Niliwahi kuishi na jirani aliyekuwa akichemsha maji redio ikiwa juu ili tusisikie. Tulijua, tukanyamaza, na kila mtu akanunua jagi lake. Umeme ulipanda kwa wote.

Zamu

Sitaitetea. Zamu haipimi vifaa wala siku, inapima uvumilivu. Mwenye zamu akinunua wa elfu tano na mwenzake wa elfu kumi, nani amelipa? Anayeumia zaidi, kinyume na mnavyodhani, ni mama wa barafu. Anatumia sana, ni kweli, lakini pia ndiye asiyeweza kukaa gizani hata saa mbili, kwa hiyo wengine wanamvizia. Kwa hesabu anadaiwa, kwa mfuko amelipa zaidi ya wote, na pande zote mbili zina haki ya kulalamika.

Umeme ndani ya kodi ya pango

Ni nadra kwa nyumba za kawaida, ni kawaida kidogo kwa vyumba vya kupanga vyenye samani. Kama unapika kwa umeme na una kiyoyozi, kwa upande wako ni neema. Uliza tu mapema kama kuna kikomo, maana mwenye nyumba naye ana kikokotoo. Nimeona mkataba uliosema "umeme ni bure" na mwezi wa tatu mama mwenye nyumba akaanza kuzima swichi kubwa saa nne asubuhi. Kila ukimwuliza anajibu kwa upole, "Mwanangu, mchana umeme wa nini?"

Mita ndogo

Hapa ndipo ninapowapeleka wapangaji wengi, hasa wale ambao hawana uhakika kama mwakani bado watakuwa hapo. Mita ndogo, ambayo mafundi huiita sabmita, inafungwa baada ya LUKU kubwa, moja kwa kila chumba. Haiuzi umeme. Inasoma tu umepitisha uniti ngapi. Mwisho wa mwezi unachukua namba ya leo, unatoa ya mwezi uliopita, unazidisha kwa bei ya kwenye risiti.

Kwa kijana wetu, kutoka 22,072 hadi 6,408 ni nafuu ya 15,664 kila mwezi. Hata kama mita na fundi vitamgharimu elfu sitini, ndani ya miezi minne imerudi. Mama wa barafu atapinga, na usimlaumu: kwake bili inapanda kwa karibu elfu kumi. Nilichoona kikifanya kazi ni kumwonyesha kwamba sasa hatavumilia tena zamu za watu. Akinunua umeme ili friza lake lisizime, mita zitaonyesha amewalipia wenzake kiasi gani, naye atarudishiwa. Mfanyabiashara anaielewa lugha hiyo haraka.

Lakini mita ndogo ina matatizo yake matatu, na ugomvi mpya hutoka humo.

La kwanza ni pengo. Ukijumlisha mita ndogo zote hazifiki namba ya LUKU kubwa. Kuna taa ya korido, taa ya choo, taa ya nje, na umeme kidogo unaopotea njiani. Kubalianeni kabla ya kufunga kwamba pengo hilo linagawanywa sawa kwa sawa, na kama ni kubwa sana muiteni fundi, kwa sababu huenda kuna waya umeunganishwa kabla ya mita ya mtu. Nyumba yenye kisima, hakikisheni pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki ina mita yake. Nimekuta pampu ya nyumba nzima ikivuta umeme kwenye chumba cha mpangaji mmoja. Alikuwa amekaa miezi minane akijiona ana balaa.

La pili ni bei. Baadhi ya wenye nyumba hununua uniti kwa 356 na kuwauzia wapangaji kwa 450 au 500. Msiulize bei kwa mdomo. Ombeni meseji ya LUKU. Ina kiasi kilicholipwa, uniti zilizopatikana na kila kodi iliyokatwa. Toa kodi ya jengo kama imekatwa humo, kisha gawanya, bei ndiyo hiyo. Mwenye nyumba akitaka kuongeza kidogo kwa ajili ya taa za nje, sawa, lakini aseme ni za taa za nje.

La tatu ni usomaji. Msome siku moja, saa moja, na kila mtu apige picha ya mita yake na kuiweka kwenye grupu la WhatsApp la nyumba. Picha haibishani.

Kuna aina nyingine, mita ndogo ya kulipia kabla, yenye tokeni zake. Nairobi imeenea sana: mpangaji ananunua tokeni kwa kampuni iliyofunga mita, kampuni inakata ada yake, mwenye nyumba anapokea pesa, kisha yeye ndiye anayewalipa Kenya Power. Inaondoa kabisa suala la zamu. Hatari yake iko kwenye hatua ya mwisho. Mwenye nyumba asipopeleka pesa, jengo linakatiwa, na wewe unakaa gizani ukiwa na uniti zako kwenye mita. Ukipewa nyumba ya namna hii, uliza ada ni asilimia ngapi na nani mwenye akaunti kubwa.

Na kitu ambacho mita ndogo haiwezi kukupa: D1. Mita kubwa bado ni moja, kwa hiyo kijana wa uniti 18 ataendelea kununua kwa 356.

LUKU yako mwenyewe

Kwenye jedwali hii ndiyo inayoshinda, na kwa amani ya moyo pia. Uniti zikiisha ni zako, ukisafiri unaziacha. Ukiwa mtumiaji mdogo unaweza kwenda ofisi ya TANESCO kuomba D1. Wataangalia matumizi yako ya miezi ya nyuma, kwa hiyo usitegemee siku ya kwanza.

Kinachokwamisha ni gharama ya kuunganisha. Kwa mjini, umeme wa njia moja (fezi moja), ndani ya umbali wa mita 30 bila kuhitaji nguzo, ada iliyorudishwa Januari 2022 ni shilingi 320,960, kabla hujamlipa fundi wa kutenganisha nyaya ndani. Nani alipe? Mita inabaki na nyumba. Kijana akitoka kwenye mchango sawa atarudisha fedha hiyo kwa miezi kumi na sita hivi. Akiwa tayari ana mita ndogo, nafuu yake ni 4,212 tu kwa mwezi, na itamchukua zaidi ya miaka sita. Huyo asijisumbue. Familia ya uniti 60 ni habari nyingine: nafuu yao ni kama elfu kumi na nne kwa mwezi, chini ya miaka miwili. Mama wa barafu, kwa bei, hapati chochote, anapata usingizi.

Kwa hiyo LUKU ya peke yako inafaa pale mwenye nyumba anapokubali kuilipia, au kukukata kwenye kodi kidogo kidogo. Mwenye nyumba mwenye akili huikubali, kwa sababu chumba chenye LUKU yake dalali anakipangisha kwa bei nzuri na hakuna anayemgongea mlango usiku. Mkikubaliana kukatana kwenye kodi, andikeni. Maneno ya kibarazani husahaulika siku nyumba inapouzwa.

Kodi ya jengo

Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya ghorofa mjini ni 7,500 kwa kila sakafu. Kodi hii ni ya mwenye jengo. Mpangaji anayenunua umeme anamlipia tu, na ana haki ya kuirudishiwa au kuipunguza kwenye pango. Wengi hawadai kwa kuona aibu ya elfu moja na mia tano. Sawa, lakini ujue chumba kikikaa kitupu, makato hayo hujikusanya. Unahamia, unanunua umeme wa elfu tano wa kwanza, unapata uniti kiduchu, unadhani mita mbovu.

Ndiyo maana kabla ya kulipa pango la miezi sita ninanunua umeme wa elfu mbili kwenye mita ya nyumba ninayotaka kuhamia, dalali akiwa amesimama hapohapo. Meseji inasema yote: kuna deni, kuna kodi iliyolimbikizwa, bei ni T1 au D1. Dalali mmoja aliniuliza kama mimi ni mkaguzi. Kama vyumba vina mita kadhaa na zote zinakatwa kodi ya nyumba hiyo moja, mwambie mwenye nyumba akarekebishe.

Na maji?

Hapa wengi wanakosea kwa kunakili utaratibu wa umeme. Umeme hufuata vifaa, maji hufuata vichwa. Kugawa bili ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, kwa vyumba ni kumwonea anayeishi peke yake. Kuigawa kwa idadi ya watu, watoto wachanga wakiwemo kwa sababu ya nepi, ni karibu na haki kuliko njia yoyote isiyo na mita. Anayefua nguo za watu kwa malipo aongeze.

Kumbuka uniti moja ya maji ni lita 1,000, ndoo hamsini za lita ishirini. Mwenye nyumba anayekuuzia ndoo kwa shilingi mia anakuuzia uniti kwa elfu tano. Linganisha na bili yake, kisha amua kama utaendelea kumshukuru.

Tofauti kubwa na LUKU ni kwamba bili ya maji huja baadaye. Mpangaji anahama tarehe ishirini, bili inakuja mwisho wa mwezi, waliobaki wanabeba. Kwa hiyo maji yanahitaji akiba: kila mpya anayeingia aache kiasi cha mwezi mmoja kwa mtunza hela. Na bili ikiruka ghafla, kabla hamjamtuhumu yule mwenye wageni, fungeni mabomba yote usiku na mtazame mita. Ikizunguka, mwizi ni boya la tangi au choo kinachovuja.

Mkishindwana

Mwenye nyumba akizima umeme wako ili kukutoa ilhali kodi yako haijaisha, nenda kwa mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, ukiwa na mkataba na risiti. Baraza la kata siku hizi kazi yake ni kusuluhisha; shauri lenyewe huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa ugomvi wa elfu ishirini, nauli na siku za kazi utakazopoteza zitazidi dai. Mimi huishia kwa mjumbe, na mara mbili kati ya tatu picha za mita kwenye simu zimemaliza maneno kabla chai haijapoa.

Siku ya kuhama, soma mita mbele ya mwenye nyumba na upige picha. Uniti zilizobaki huwezi kubeba. Nyumba yangu ya mwisho niliacha uniti 31 kwenye LUKU, nikamwambia kijana aliyeingia anilipe nusu. Alikataa. Aliniambia, "Kaka, hizo ni za nyumba," na wiki iliyofuata akanipigia kuniuliza kwa nini elfu moja inampa uniti nane.